Paka Anapotapika Mara kwa Mara: Chanzo Hutafutwa Ghalani, Zizini na Jikoni

Katika kata ya Kisondela, wilayani Rungwe, paka ni mwanakaya mwenye kazi yake. Mvua ya maeneo yanayoizunguka Tukuyu, ambayo kwa mwaka hupita milimita 2,000, huchelewesha mahindi kukauka na huwakimbizia panya ndani ya nyumba, na kaya isiyo na paka hujikuta ikihesabu magunia yaliyotobolewa kabla msimu haujakwisha. Kwa hiyo paka anayetapika leo, akatapika tena keshokutwa, na wiki inayofuata akarudia, anastahili kuangaliwa kwa makini, ijapokuwa mazoea ni kulimaliza jambo hilo kwa kusema kwamba paka ndivyo walivyo. Kauli hiyo ina ukweli kidogo, kwa kuwa tumbo la paka lina wepesi wa kutoa kisicholifaa, lakini ubaya wake ni kwamba hulifunga swali kabla halijaulizwa, nalo ni swali la kujua paka huyu ameingiza nini mwilini, na ameingizaje. Kwa paka wa nyumba ya mkulima, jibu mara nyingi halimo katika chakula alichotengewa, bali limo mahali alipolala, alipowinda na alipojisugua.

Uchunguzi wowote wa maana huanza kwa kuhakikisha kwamba kilichotokea ni kutapika kweli, kwa sababu mambo matatu tofauti huitwa kwa jina hilo moja. Paka anayetapika huonyesha kichefuchefu kwanza: hulamba midomo, hudondosha mate, huhangaika na kutafuta pembe ya kujificha, kisha huinama, na misuli ya tumbo hubana kwa nguvu mara kadhaa mpaka kitu kitoke, kikiwa kimesagika na mara nyingi kimechanganyika na nyongo ya manjano. Paka anayecheua hana purukushani hiyo, kwani huinamisha kichwa tu, chakula kikatoka kizima, kimeviringika na kufunikwa ute, kwa kuwa hakikufika tumboni bali kilikwama katika umio, yaani mrija unaotoka kooni kwenda tumboni. Wa tatu ni yule anayekohoa, ambaye hujikunyata na kunyoosha shingo mbele karibu na sakafu, akatoa povu kidogo au asitoe chochote, na mwenye paka akadhani manyoya yamemkaba, ilhali tatizo limo kifuani. Mwenye paka anayeweza kumweleza daktari wa mifugo ni lipi kati ya hayo matatu aliloliona, amekwisha kumpunguzia nusu ya kazi.

Kinachotoka nacho kina habari zake. Bonge la manyoya lililoviringika linatokana na paka kujilamba, na likionekana mara moja moja kwa paka mwenye afya halitishi, lakini likija kila wiki huashiria ama ngozi inayowasha, hasa kwa sababu ya viroboto, ama utumbo usiosukuma vitu kwa mwendo wake wa kawaida. Majani mabichi yaliyotapikwa huwafanya watu wengi waamini kwamba paka aliyala ili ajitibu. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa na Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na kutangazwa mwaka 2019, ambao uliwahoji wafugaji wa paka zaidi ya 1,000, ulionyesha kwamba paka wengi hula majani bila kuonekana wagonjwa kabla yake, na watafiti hao wakapendekeza kwamba ni tabia ya kurithi iliyowasaidia mababu zao kusafisha minyoo tumboni. Damu nyekundu, au chembechembe za rangi ya kahawia iliyokolea, ambazo ni damu iliyokaa tumboni ikaguswa na asidi, hazina maelezo ya kutuliza, na paka wa namna hiyo anapaswa kupelekwa kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Kuhusu dhana kwamba kutapika mara kwa mara ni kawaida ya paka, upo ushahidi mzito unaoipinga. Mwaka 2013 daktari wa wanyama wa Marekani, Gary Norsworthy, na wenzake walichapisha matokeo ya paka 100 waliokuwa na dalili za muda mrefu kama vile kutapika, kuharisha na kukonda, na ambao picha za mawimbi ya sauti zilionyesha ukuta wa utumbo wao mwembamba umenenepa. Vipande vya nyama vilipokatwa kutoka katika utumbo huo na kupimwa, paka 99 walikutwa na ugonjwa halisi, wengi wao uvimbe sugu wa utumbo au limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili. Paka hao walikuwa wamechaguliwa kwa sababu ya dalili zao, hivyo haifai kuhesabu kwamba kila paka anayetapika ana saratani. Lakini inafaa kukubali kwamba kutapika kunakojirudia kwa miezi kuna chanzo, na kwamba chanzo hicho hupatikana kikitafutwa.

Mahali pa kuanzia kutafuta ni kwenye manyoya. Paka hujilamba kwa saa nyingi kila siku, na ulimi wake wenye miiba midogo hukusanya kila kilichoshika kwenye mwili na kukipeleka tumboni, kiasi kwamba manyoya yake ni sahani ya pili ambayo hakuna anayeikagua. Katika nyumba ya Kisondela sahani hiyo hujazwa kwanza ghalani. Tangu dumuzi, mdudu atobaye mahindi ambaye aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipoenea nchini, wakulima wengi wamezoea kuchanganya mahindi na unga wa dawa wenye viambato viwili: pirimifosi-methili, ambayo ni ya jamii ya oganofosfati na huvuruga mawasiliano kati ya neva na misuli, na pemethrini, ambayo ni ya jamii ya pairethroidi, yaani sumu zilizotengenezwa kwa kuiga ile ya ua la pareto. Paka aliyewekwa alinde mahindi hayo hulala juu ya magunia, akaamka na vumbi jeupe mgongoni, akalilamba. Kiasi cha pemethrini katika unga huo ni kidogo, na mguso wa mara moja huenda usimdhuru, lakini anayelala hapo kila usiku hupata dozi kila siku, na mate yanayodondoka, kutapika, kuharisha, mboni za macho zilizosinyaa na misuli inayotetemeka ni dalili za oganofosfati ambazo hazipaswi kuchukuliwa kuwa ni ulafi.

Sehemu ya pili ni zizini. Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe hao hulindwa dhidi ya kupe wanaoeneza ndigana kali, hivyo chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo haikosekani katika kaya nyingi. Paka akijaa viroboto, ni rahisi sana mtu kuchukua mabaki ya dawa iliyochanganywa kwa ajili ya ng'ombe na kumpaka. Hili ni kosa ambalo halina budi kusemwa waziwazi, kwa kuwa humuua paka. Sipamethrini na deltamethrini, ambazo ng'ombe huzivumilia bila shida, husababisha kwa paka kutetemeka, degedege na kifo. Amitrazi humletea kutapika, kulegea, mapigo ya moyo ya polepole na mwili kuwa baridi. Sababu imo ndani ya ini lake. Wanyama wengi, na binadamu pamoja nao, wana kimeng'enya kinachoiunganisha sumu na asidi ya glukuroni ili itoke kwa mkojo, lakini kwa paka kimeng'enya hicho ni dhaifu mno. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha kwamba paka wa nyumbani ametokana na kimburu wa Mashariki ya Karibu, na wataalamu hueleza kwamba mnyama aliyeishi kwa nyama peke yake hakuwa na haja kubwa ya kuzivunja sumu za mimea, kwa hiyo uwezo huo ukapotea katika ukoo wake. Paka aliyepakwa dawa ya namna hiyo anapaswa kuoshwa upesi kwa maji vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, akaushwe na kufunikwa asipate baridi, kisha apelekwe kwa daktari pamoja na chupa yenye lebo yake.

Udhaifu huohuo wa ini ndio unaoifanya paracetamol kuwa hatari. Kidonge kimoja cha miligramu 500, ambacho hupewa mtu mzima bila wasiwasi, kinaweza kumuua paka, kwa kuwa huharibu uwezo wa damu yake kubeba oksijeni, na fizi zake hugeuka rangi kuwa kahawia huku uso na miguu vikivimba. Kumpa paka anayetapika dawa ya binadamu, eti kwa sababu anaonekana ana homa, ni kumwongezea sumu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Sumu ya panya inahitaji maelezo ya pekee, kwa sababu hununuliwa kwa kazi ileile aliyofugiwa paka. Zile zinazouzwa minadani katika vifuko visivyo na maandishi haziwezi kutambuliwa kwa macho tu, lakini makundi mawili yanajulikana vizuri. La kwanza ni fosfidi ya zinki, unga wa rangi ya kijivu ambao ukikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi iitwayo fosfini. Paka aliyeila huanza kutapika ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa, na matapishi yake huweza kunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Gesi hiyo humdhuru hata binadamu, kwa hiyo matapishi ya namna hiyo hayapaswi kunuswa kwa karibu wala kusafishwa katika chumba kilichofungwa. Kundi la pili ni la sumu zinazozuia damu kuganda, kama vile brodifakoumu, ambazo hazimtapishi paka mara moja. Humwacha siku mbili hadi tano akionekana mzima, kisha damu huanza kuvuja ndani ya mwili, fizi zikapauka na pumzi ikawa nzito. Paka hahitaji kula chambo chenyewe, kwani inatosha awe na mazoea ya kula panya waliokwisha kukila. Kundi hili lina dawa yake, nayo ni vitamini K1, ambayo hutolewa kwa wiki kadhaa. Kundi la kwanza halina kiuasumu.

Hapa ndipo inapofaa kuzungumzia maziwa, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo huduma ya kwanza kwa yeyote aliyekula sumu. Maziwa hayaiondoi sumu mwilini. Paka aliyekula fosfidi, akipewa chochote cha kula au kunywa, tumbo lake huongeza asidi na gesi ikazidi. Na paka anayetetemeka, akinyweshwa kwa nguvu, maziwa humwingia mapafuni. Maji ya chumvi ya kumtapisha nayo ni hatari, maana chumvi nyingi ni sumu kwake.

Tukirudi ghalani, kuna sababu nyingine isiyonunuliwa dukani. Mahindi ya nyanda zenye baridi na unyevu hushambuliwa na kuvu wa jamii ya Fusarium wakati yangali shambani, na baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumu iitwayo deoksinivalenoli, ambayo sifa yake kuu ni kuwatapisha wanyama. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, paka waliolishwa chakula chenye sumu hiyo kwa kiasi cha miligramu 8 hivi kwa kila kilo walipunguza kula, na wengine wakatapika. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo familia huyatenga kwa kuwa hayafai kwa ugali wa watu, mara nyingi husagwa yakawa chakula cha kuku, mbwa na paka, na ni vigumu kuiona hasara yake kwa sababu haimuui mnyama papo hapo bali humdhoofisha polepole. Kuyakausha mahindi vizuri na kuyaweka katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wakulima wengi huijua kwa jina la mifuko ya PICS, huwaua dumuzi kwa kuwanyima hewa na huondoa haja ya ule unga wa dawa, hivyo paka hupona hatari mbili kwa mpigo.

Chakula cha kila siku nacho kina sehemu yake. Katika nchi ya maziwa ni jambo la kawaida kummiminia paka maziwa na kumwachia ugali au ndizi zilizobaki, lakini paka aliyeachishwa kunyonya hupoteza sehemu kubwa ya laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, na wengi huharisha, wengine hutapika, wakipewa maziwa mabichi kwa wingi. Maziwa ya mgando, ambayo sehemu ya sukari hiyo imekwisha kuliwa na bakteria, huwasumbua kwa kiasi kidogo. Lililo zito kuliko hilo ni kwamba paka hawezi kuishi kwa wanga. Mwili wake hautengenezi taurini ya kumtosha, nayo ni kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki, na watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1975 kwamba upungufu wake huharibu macho ya paka, kisha mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wakathibitisha kwamba hudhoofisha moyo. Usipa wakavu kutoka Ziwa Nyasa, wanaopandishwa kutoka Kyela, ni chakula kizuri kwake, mradi waoshwe mchanga na chumvi, kwa kuwa mchanga peke yake hukera tumbo kiasi cha kumtapisha. Mchuzi uliobaki wenye vitunguu usimwagwe katika chombo chake, kwa sababu vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vikipikwa, hupasua chembe nyekundu za damu yake.

Mimea ya shambani inatofautiana kwa hatari yake. Jani bichi la gimbi lina fuwele kali za oksalati ya kalisi zinazochoma mdomo na koo, hivyo paka mchanga aliyelitafuna kwa mchezo hudondosha mate na kutapika ndani ya muda mfupi, ingawa kwa kawaida hupona. Parachichi, zao ambalo siku hizi linapandwa sana wilayani, lina dutu iitwayo pesini, ambayo imethibitika kuwadhuru ndege, sungura, mbuzi na farasi, lakini kwa paka ushahidi ni hafifu, na anayekula nyama ya tunda hilo huenda akaumwa tumbo kwa sababu ya mafuta tu.

Minyoo haikosekani kwa paka mwindaji. Minyoo mviringo ya Toxocara cati humpata tangu akiwa mchanga, kwa njia ya maziwa ya mama yake, na baadaye kwa kula panya, na paka mwenye minyoo mingi huweza kuitapika ikiwa hai, mirefu na myeupe. Tegu nao hupitia kwa viroboto na kwa panya, ambao hubeba mabuu katika maini yao. Dawa ya minyoo hutolewa kwa kipimo cha uzito, na kidonge kilichokusudiwa mbuzi hakigawanyiki vizuri kwa mnyama wa kilo tatu.

Baadhi ya hali hazisubiri uchunguzi wa taratibu. Paka aliyemeza uzi wa cherehani, pengine pamoja na sindano, hutapika kila anachokula, na akifunuliwa mdomo huenda uzi ukaonekana umejizungusha chini ya ulimi, umekaza na kuzama ndani ya nyama. Usivutwe kamwe, kwa kuwa upande wake mwingine umekwisha kuukunjakunja utumbo, na kuuvuta ni kuupasua. Dume anayechuchumaa kila mara bila mkojo kutoka, huku akitapika, amezibwa njia ya mkojo, na asipozibuliwa hufa katika siku mbili au tatu. Paka mchanga asiyechanjwa, anayetapika manjano, mwenye homa na asiyetaka hata maji, huenda ana ugonjwa wa panleukopenia, unaosababishwa na kirusi kinachoweza kudumu mazingirani kwa mwaka mzima. Na paka anayedondosha mate, aliyebadilika tabia na kuuma ovyo, asiingizwe kidole mdomoni na mtu yeyote, kwani kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali bila kuchelewa.

Kwa paka aliyepita miaka kumi, mtazamo hubadilika. Anayekunywa maji mengi, akikojoa sana na kukonda, mara nyingi figo zake zimechoka. Anayekula kwa pupa lakini anazidi kukonda huenda tezi ya thairoidi shingoni mwake inazalisha homoni kupita kiasi, ugonjwa ambao kwa paka ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1979.

Kazi ya kuyatenganisha haya yote hufanywa nyumbani kabla ya kufika kwa daktari, na chombo chake ni daftari. Huandikwa tarehe, saa tangu alipokula, kilichotoka na rangi yake, mahali alipolala usiku uliotangulia, na dawa yoyote iliyotumika ghalani, zizini au shambani wiki hiyo, hata kwa jirani. Kisha hubadilishwa jambo moja tu kwa wakati mmoja: kwanza paka hufungiwa nje ya ghala kwa wiki mbili, ikiwa haikusaidia, maziwa husimamishwa, baadaye hupewa chakula cha aina moja, kwa mfano samaki na wali kidogo, kwa muda wa wiki kadhaa. Kila siku hupimwa upungufu wa maji kwa kuinua kidogo ngozi iliyo kati ya mabega na kuiachia, kwani ya paka mzima hurudi papo hapo, na ya aliyekaukiwa hubaki imesimama, huku fizi zikinata kidole. Asiyekula kabisa kwa siku mbili apelekwe bila kungoja, hasa akiwa mnene, maana mafuta ya mwili wake hukimbilia kwenye ini na kulizuia lisifanye kazi.

Ni kweli kwamba maofisa mifugo wa kata wamefunzwa zaidi kwa ajili ya ng'ombe, na kwamba baadhi ya wenye paka huona haya kuwaendea kwa ajili yake. Lakini Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikumtenga paka, na ofisa anayejua kumwongezea ndama maji kwa mshipa anaujua msingi wa kumhudumia paka aliyekaukiwa. Paka akifa katika mazingira yanayoshukiwa kuwa ya sumu, mzoga usitupwe mtoni wala kuachiwa mbwa. Ofisa huyo anaweza kuchukua sampuli za tumbo na ini, zikahifadhiwa katika barafu na kupelekwa katika kituo cha Iringa cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2012, na mabaki yakafukiwa kwa kina mbali na kisima. Majibu yanayorudi huwahusu hata watu wa nyumba hiyo, kwa sababu unga uliokuwa mgongoni mwa paka umetoka katika magunia ambayo familia inakula.